Niliapplai MBA nikiwa sajenti, si ofisa

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba simu yangu inaanza kujaa voice note za Wakenya na Watanzania walioko jeshi la Marekani, wengi wao kontrakti inakaribia kuisha, na swali ni lile lile, ati kaka nasikia ulienda kusoma MBA, ile digrii ya uzamili ya biashara, na hukulipa chochote, ulifanyaje? Nimechoka kurudia kwa mdomo kwa hio naandika mara moja, tena kwa urefu, msome polepole. Jibu fupi ni kwamba nililipa, na nililipa sana, ila si karo.

Nilifika Marekani kama mwanafunzi, nikaingia jeshini 2015 kupitia MAVNI, ile programu iliyokuwa ikichukua wageni wenye lugha wanazozihitaji, Kiswahili kikiwemo, na ukipita unapewa uraia haraka. Mlango huo ulifungwa 2016 kwa hio mlio nyuma yangu wengi mmeingia na green card, haidhuru, huko mbele njia ni moja. Digrii ya nyumbani ilinisaidia nikaanza na cheo cha spesholisti badala ya praiveti, kazi nikapewa 92A, mambo ya stoo na spea, ambayo kwetu Likoni mtu akikuuliza unamwambia tu mimi ni karani wa godauni. Nikapanda mpaka sajenti, baadaye stafu sajenti.

Fasti sajenti wetu aliposikia nataka MBA alicheka, si kwa ubaya, akaniambia hizo ni za makapteni waliotoka West Point, chuo cha maofisa. Alikuwa na ukweli nusu. Ukienda siku ya maveterani kwenye hizi shule kubwa utakuta wengi walikuwa maofisa, marubani, watu wa sabmarini, na wewe umekaa pale na lafudhi yako ya pwani unajiuliza nani alikualika. Lakini jamani, katika fomu zote nilizojaza hakuna hata moja iliyouliza kama nilikuwa napigiwa saluti. Waliuliza umeongoza nani, ulifanya nini, na unataka nini. Sajenti wa miaka 26 anaweza kuwa na watu tisa chini yake na vifaa vya mamilioni ya dola, na huyo jamaa wa benki mnayeshindania naye kiti hajawahi kuongoza hata mtu mmoja, yeye ameongoza Excel.

Sasa pesa, na hapa naomba utulie kwa sababu mambo mengi ya pesa yanafanyika ukiwa bado ndani ya kombati.

GI Bill, fao la serikali la kusomesha maveterani, namaanisha ile ya Post-9/11, inakupa miezi 36 ya masomo. Ukiwa na miezi 36 au zaidi ya active duty, yaani jeshini muda wote, unapata asilimia 100. Shule ya umma inalipiwa karo yote kwa bei ya mkaazi wa jimbo, na sheria inawataka wawatoze maveterani bei hio hata kama umetoka jimbo lingine, kwa hio MBA ya University of Michigan, Virginia au North Carolina inaweza kulipwa karibu yote bila kelele. Shule ya binafsi ina kikomo cha mwaka. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kikomo kilikuwa kama dola 28,900, na karo ya MBA kwenye shule kubwa za binafsi imepita dola 70,000 kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe hilo shimo. Shimo hilo linazibwa na Yellow Ribbon: shule inaweka pesa, halafu VA, idara ya serikali ya maveterani, inaweka kiasi hicho hicho. Kuna shule zinaziba shimo lote kwa kila veterani na kuna shule zinatoa dola elfu chache kwa watu wachache wa kwanza halafu basi. Majina yanafanana kwenye tangazo, zote zinaandika "tunashiriki Yellow Ribbon", ilhali tofauti yake ni mkopo wa dola themanini elfu. VA wana orodha kwenye tovuti yao inayoonyesha kila shule, kila kozi, kiasi gani na watu wangapi. Isome kabla hujachagua shule za kuomba. Na Yellow Ribbon ni ya mwenye asilimia 100 tu, ukitoka na miezi 30 umejikosesha, subiri kidogo ndugu yangu.

Halafu kuna hili la skolashipu ambalo karibu nipige magoti nikiwaeleza watu. Shule ikikupa skolashipu iliyoandikwa kuwa ni ya karo peke yake, VA wanaitoa kwenye karo kwanza, halafu wao wanalipa kinachobaki. Maana yake umepewa dola 20,000 na mfukoni haijaingia hata senti, umewapunguzia serikali mzigo tu. Uliza ofisi ya fedha ya shule, kwa adabu, kama inaweza kuandikwa bila kufungwa na karo, ili ikusaidie kula na kodi ya nyumba. Wengine watakataa. Mimi niliuliza, wakachukua wiki mbili tatu kufikiria, wakakubali sehemu yake, na sehemu hio ndio iliyolipa bima ya familia yangu, nitafika huko.

Na kuhamisha miezi kwa mke au watoto, hio ni ya walio ndani tu. Uwe umetumikia miaka sita na ukubali kuongeza minne. Ukishatoka hakuna barua utakayoandika ikakubaliwa. MBA ya miaka miwili haimalizi miezi 36, kwa hio rafiki yangu mmoja wa kambini aliyefikiria mapema alihamisha mingine kwa binti yake, akabaki na ya kwake, na binti sasa yuko chuo. Mimi sikutaka kuongeza miaka minne, niliyapima nikaona hapana, lakini angalau niliyapima.

Mtihani wa kuingilia shule sitakaa nao sana. Shule karibu zote zinakubali GMAT au GRE. Mimi nilifanya GRE kwa sababu ina kikokotoo kwenye skrini upande wa hesabu, na pia tangu Septemba 2023 wameufupisha uko chini ya masaa mawili. GMAT nayo imebadilishwa mwisho wa 2023, jometri imeondolewa, kwa hio vitabu vya zamani mnavyorithishana tupeni. Wenye mitihani wote wawili wanatoa majaribio ya bure, fanya moja la huku na moja la kule, utajua mwenyewe wapi unaumia kidogo. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nasoma mpaka saa kumi na mbili, halafu mbio kwenye PT, mazoezi ya viungo, saa kumi na mbili na nusu, na jioni sikugusa kitabu maana jioni askari ni maiti. Usipange mtihani wiki mnayorudi kutoka JRTC, kituo cha mazoezi ya vita kule Louisiana, kuna mwenzangu alifanya hivyo, akasinzia kwenye kusoma ufahamu. Ada ya mtihani VA wanaweza kukurudishia, ila wanakata kidogo kwenye miezi yako, kwa dola mia mbili na ishirini mimi nililipa mwenyewe nikaachana nao.

Transkripti za nyumbani ni habari nyingine. Sitataja chuo. Kaka yangu alienda ofisi ya masjala akaambiwa njoo kesho, kesho akaambiwa faili liko kampasi nyingine, mwishoni akapata bahasha iliyofungwa ambayo jina langu la kati limekosewa. Kwa bahati shule nyingi zinakubali uskani nakala yako mwenyewe wakati wa kuomba, halisi wanaitaka ukishakubaliwa. Hata hivyo anza miezi minane kabla, na tuma mtu anayejua kukaa kwenye benchi bila kukasirika. Gredi usizibadilishe mwenyewe kuwa za Kimarekani, second upper iandike second upper, wanaosoma mafaili wamezoea. Shule zinazotaka tathmini ya nje zitakuambia upitie WES, shirika linalopima digrii za nje, au mfano wake, na hio pia inachukua wiki.

Barua za mapendekezo ndizo zilizonipa presha kuliko yote. Maofisa wanahama kila baada ya miaka miwili hivi, kapteni aliyekujua vizuri kule Kuwait leo yuko Korea na namba ya simu imebadilika. Kabla hajaondoka mwambie, sir mwaka kesho au mwaka wa pili nitaomba shule, nitakuhitaji, naomba email yako ya kawaida, si ile ya jeshi. Mimi nilikuwa nayo ya mmoja, wa pili nilimtafuta kwa LinkedIn kama mtu anayedai deni.

Na akishakubali, kazi haijaisha. Kuna barua ya pamoja ya GMAC, wenye mtihani wa GMAT, ambayo shule nyingi zinatumia, ina maswali machache, na moja linasema eleza ushauri mkubwa wa kumrekebisha uliowahi kumpa huyu muombaji na yeye alipokeaje. Sasa mwambie ofisa wa jeshi aandike udhaifu wako! Maisha yake yote ameandika zile tathmini za kila mwaka ambazo neno moja baya linazika cheo cha mtu, kwa hio mkono wenyewe unakataa. Draft ya kapteni wangu ya kwanza, aliyonionyesha kwa hiari yake, ilisema sina udhaifu, mimi ni asilimia moja ya juu ya masajenti wote aliowahi kuwaona, nikasoma nikafurahi, halafu nikamsomea mke wangu, mke akaniuliza huyu anakujua kweli au amekunakili mahali? Nikampigia kapteni. Nikamkumbusha siku aliyoniita ofisini akaniambia, sajenti unawafanyia vijana wako kazi zao, ndio maana hawajui, waache wakosee. Akacheka, akasema naweza kuandika hio? Nikamwambia sir hio ndio wanaitaka. Kwa hio kaeni na wanaowaandikia. Si kuwaandikia barua, hapana, hilo shule zinakataza na zikigundua umekwisha. Ila kuwakumbusha matukio, na kuwaeleza kwamba msomaji ni raia, hajui NCOER, ile tathmini yetu masajenti, anataka kisa.

Esei sasa. Ya kwanza niliyoandika ilianza hivi, nikiitafsiri: "Nilisimamia uwajibikaji wa Class IX kwa brigedi nzima wakati wa rotesheni Camp Arifjan." Nilikuwa naringa nayo. Nilipata mshauri wa bure kupitia Service to School, shirika linalosaidia maveterani na maombi ya vyuo, nawapendekeza kwa mikono miwili, na huyo mshauri naye alikuwa askari zamani. Akasoma, akasema sawa, kwa hio ulifanya nini? Nikarudia ile ile kwa maneno mengine. Akauliza tena, ulifanya nini wewe, Jumatatu asubuhi, ulisimama wapi?

Nikamwambia hivi. Pale Arifjan, kambi yetu kule Kuwait, tulikuwa na makontena ya spea za magari na kila kikosi kilikuwa kinaagiza kitu ambacho tayari tunacho, kwa sababu mfumo unasema hakipo, na kikija cha pili hakionekani vilevile, basi wanaagiza cha tatu. Kila mtu alilaumu kompyuta. Mimi nikaanza kuzunguka na wale makontrakta Wahindi na Waganda wanaobeba vitu, wamekaa pale miaka kuliko sisi wa kuja miezi tisa na kuondoka, na kumbe wao walikuwa wanajua kila kitu kiko wapi, wana daftari lao la mkono kabisa, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Tukakaa na daftari, tukarekebisha mfumo kontena baada ya kontena mpaka maagizo ya marudio yakaisha nguvu. Mshauri akanyamaza kidogo akaniambia, andika hio, na hilo daftari liweke mstari wa kwanza.

Tatizo letu askari ni kwamba tumefunzwa kusema "sisi". Platuni ilifanya, timu ilifanya. Ni tabia nzuri na pale darasani baadaye ilinisaidia, lakini kwenye esei msomaji anabaki hajui wewe ulikuwa mpishi au mlaji. Sema mimi, halafu wape wenzako sifa yao kwa kazi waliyofanya.

Kitu kingine, na hiki hata sikukijua kuwa ni mali: ule mfumo wa kompyuta wa stoo za jeshi, GCSS-Army, tunaoulaani kila siku umejengwa juu ya SAP, programu ile ile ambayo makampuni makubwa duniani yanatumia kuendesha stoo zao. Nilikuwa sijaandika popote. Mshauri aliposikia karibu anipige. Weka kwenye CV. Kurasa moja tu, bila vifupisho, na medali usiorodheshe zote, mbili zinatosha.

Esei ya malengo nayo ilirudi mara nyingi. Niliandika nataka kuinua uchumi wa Afrika. Akaifuta yote. Afrika gani? Nikaja na kisa cha binamu yangu anayefanya clearing pale bandari ya Mombasa, kontena likichelewa anahesabiwa faini kwa siku, na ucheleweshaji wenyewe mara nyingi ni karatasi mbili zisizoonana, tatizo lile lile la Arifjan likiwa na kanzu. Nikaandika nataka kwanza miaka michache kwenye opereshini za kampuni ya usafirishaji huku, halafu nirudi kwenye hio njia ya Mombasa kwenda bara. Hapo ndipo ilipoanza kusomeka kama mtu.

Shule zinapokea maombi kwa raundi, mimi niliomba ya pili, dedlaini mwanzo wa Januari 2024. Ya kwanza huwa Septemba, na kama unaweza, nenda ya kwanza, viti na skolashipu vyote vimejaa mkononi mwao. Ya tatu, kwa mtu anayetegemea pesa za shule, mimi nasema subiri mwaka. Ada ya kuomba inafika dola 250 na zaidi kwa shule moja, lakini shule nyingi zinawasamehe askari na maveterani, wakati mwingine haijaandikwa wazi, tuma email uulize. Kuna walionikataa bila hata intavyu. Kuna walioniweka kwenye listi ya kusubiri mpaka nikaacha kusubiri. Wiki ile majibu yanatoka nilikuwa mota puli, yadi ya magari ya kikosi, nahesabu spana na simu iko mfukoni inatetemeka, sikuifungua mpaka nimetia sahihi hesabu, manake nilijua nikisoma vibaya spana zitakosekana.

Intavyu zenyewe si za kutisha, nyingi ni nusu saa na mtu aliyesoma CV yako peke yake. Punguza "yes sir". Wharton, shule ya biashara ya University of Pennsylvania, wao wana majadiliano ya kikundi, watu watano sita mnapewa swali la kutatua pamoja, na maveterani wanaanguka pale kwa njia mbili, ama anachukua amri kama yuko uwanja wa gwaride, ama ananyamaza kwa heshima hadi muda unaisha. Muulize mwenzako aliyenyamaza anaonaje, halafu changia chako. Basi.

Nilisema nililipa, si karo. Tulipohama, mke wangu aliacha kazi ya usiku hospitalini ambayo ndio ilikuwa inatuma pesa nyumbani. Posho ya nyumba ya GI Bill inahesabiwa kama ya sajenti E-5 mwenye familia kwa zip code ya shule, ni nzuri, lakini inalipwa mwezi ukishaisha, na mwezi wa nusu unalipwa nusu, na likizo hakuna kitu. Darasa lilianza katikati ya Agosti, kodi ilitakiwa Agosti mosi, diposti ya nyumba juu, na mama huko Likoni anauliza kwa nini mwezi huu M-Pesa iko kimya. Mama hakuelewa kabisa, akaniambia, mwanangu unaacha kazi ya serikali na miaka thelathini na kitu urudi kukaa dawati? Nikamwambia mama nivumilie miaka miwili. Akavumilia, lakini kila simu alinikumbusha kwamba anavumilia. Weka akiba ya miezi minne ya matumizi yote, pamoja na ya nyumbani, usijidanganye kwamba ya nyumbani utaikata.

Na bima. Ukitoka, Tricare, bima ya afya ya jeshi, ya familia inakwenda na kombati. Wewe VA watakutibu, mke na watoto hapana, na bima ya shule kwa familia ni maelfu ya dola kwa mwaka. Wenzangu kadhaa waliingia National Guard au Reserve, askari wa akiba, kwa sababu ya bima yao ya Tricare Reserve Select, bei yake ni rahisi sana kwa familia, gharama yake ni wikendi moja kwa mwezi na uwezekano wa kuitwa katikati ya masomo. Mke wangu alisema kombati hairudi kwenye hii nyumba, kwa hio tulilipa ya shule. Kila nyumba na mkataba wake.

La mwisho ni tarehe. Kama kontrakti yako inaisha Oktoba na darasa linaanza Agosti usiseme basi mwaka umepotea, kuna utaratibu wa kuomba utoke mapema kwa ajili ya masomo, hadi siku 90, na likizo uliyolimbikiza inaongezwa mbele yake, ila inataka barua ya shule ya kukubaliwa na sahihi ya kamanda wako, na kamanda akiwa anaelekea mazoezini atakuambia subiri nirudi. Peleka karatasi kabla hajapanda basi.